Nilivyokufa Jukwaani

Siku yangu ya kwanza ya uigizaji niliingia ukumbi wa chini ya kanisa, mjini Hyattsville huku ughaibuni, nikiwa bado na sare ya kazini. Nilikuwa mtunzaji katika nyumba ya wazee, na zamu ilichelewa kuisha. Mwongozaji wetu, mwalimu mstaafu kutoka Tanga, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Dada, haya ndiyo maleba yako?"

Maleba ni mavazi ya mchezo. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Akanipa nafasi ya mama ambaye wakoloni wamemchukua mwanawe kwa kazi za kulazimishwa. Habari za kifo cha kijana zinapofika, mama anaanguka na kufa. Kwenye mazoezi nilianguka kama gunia.

"Jumamosi kwenye onyesho watu wasipolia," akasema, "nafasi nampa mwingine. Usinune, dada yangu."

Nilinuna. Nilishaipenda ile nafasi kupita kiasi. Kule kazini hata jina langu hawakuweza kulitamka.

Basi Jumamosi nikafa kama nilivyowaona wazee wangu wa kazini wakifa: pumzi inavutwa, inakawia, mkono unalegea, basi. Nilichosahau ni kwamba nusu ya watazamaji wetu walikuwa wauguzi. Viti vikaburutwa, na muuguzi mmoja wa Kakamega akarukia jukwaani.

"Huyu mama ameanguka kweli! Mtu acall 911!"

Vidole vyake vikanishika shingoni. Nikifumbua jicho tu, mchezo umeharibika na nafasi yangu imekwenda. Nikazidi kufa.

Akaniinamia sikioni. "Pulse iko sawa, mum. Usisonge." Kisha akasimama, akawageukia watu, na kwa sauti ile tunayowaambia nayo ndugu wa mgonjwa, akasema, "Poleni sana. Mama ametuacha."

Watu wakaangua kilio. Hata mkumbushaji, anayekaa nyuma ya pazia kutunong'onezea maneno tunayosahau, alishindwa kusoma. Mwongozaji alinijia akifuta miwani.

"Nafasi ni yako," akasema.

Baada ya hapo nilikufa katika kumbi za miji ya jirani, Laurel na Sterling, miaka mingi bila mshahara, mpaka magoti yakagoma. Kuanguka niliweza, kuinuka ndiko kulikonishinda. Sasa nimestaafu kazi zote mbili, na ninyi vijana mnaniuliza jukwaa lilinipa nini. Nimewafumba macho wazee wengi katika nchi hii ambao hakuna aliyewalilia. Mimi nimeliliwa na ukumbi mzima, kwa Kiswahili, halafu nikaamka nikanywa chai nao.