Mwalimu anayeomba kufutwa

Saa nane mchana, chumba cha kompyuta kina joto na kelele. Mwalimu wa sayansi amesimama nyuma ya wanafunzi wake, mikono mgongoni. "Futeni!" anawahimiza. "Mnaniogopa nini? Siumii nikifutwa."

Ndiyo maana wanamwita Mwalimu Futeni, na jina hilo analipenda mno.

Muhula huu amewafungulia wiki, yaani tovuti ya darasa ambayo kila mmoja anaweza kuandika na kurekebisha alichoandika mwenzake. Wanafunzi arobaini, kompyuta kumi na moja. Wanabanana, wanagombania kibodi, wanasahihishana bila huruma.

Ila maneno ya mwalimu walikuwa hawayagusi ng'o. Basi akawatega. Aliandika kwamba moyo wa binadamu una vyumba vitatu, akijua fika ni vinne, akasubiri. Hakuna aliyefuta. Mtihani ulipofika, karibu darasa zima likaandika vitatu.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema. Mwalimu mkuu, mama asiye na masihara, alimpa mpaka mwisho wa muhula: asipoona faida, tovuti inafungwa na chumba kinarudi kwa mafunzo ya kuchapa.

Aliwaomba radhi wanafunzi, akaanza kuwabembeleza upya. Siku moja binti mmoja mpole akamfuata mezani.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba ruhusa nikufute."

"Marahaba, mwanangu. Futa tu, ruhusa ya nini?"

Kumbe hakuja kwa ajili ya vile vyumba vya moyo. Alifuta sentensi iliyosema damu inayorudi moyoni ni ya bluu, akaandika kuwa ni nyekundu iliyokolea. Chini akaongeza: "Nimesoma kitabuni. Pia nimemuuliza mama, ni muuguzi, anawatoa watu damu kila siku."

Huo haukuwa mtego. Mwalimu mwenyewe aliamini hivyo tangu utotoni, kwa sababu ya michoro ya vitabuni. "Niliona aibu, halafu nikafurahi mpaka machozi yakanilengalenga," anasema.

Mwalimu mkuu alisoma marekebisho yale, akavua miwani. "Hata mimi nilijua ni ya bluu," akakiri. Tovuti haikufungwa.

Sasa Mwalimu Futeni anataka kuwafungulia tovuti hiyo wote aliowahi kuwafundisha.

"Huko nje kuna watu wazima, wana watoto wao, wanawaambia damu ni ya bluu kwa sababu niliwaambia mimi," anasema. "Nataka waje wanifute."