Faili la Ambele limekataa kufunguka

Jumanne, Chapwa, Tunduma.

Dada Tusekile, leo nimeogopa kama siku ile ya msiba.

Unaikumbuka programu ya marehemu kaka Ambele, ile ya kunasa na kuhifadhi mawasiliano ya mtandao hapa kwenye kafe yetu ya intaneti? Fundi wetu Osia ameandika upya sehemu inayosoma na kuhifadhi mafaili.

Nikamwomba afungue faili lile ambalo programu ilinasa sauti ya Ambele akimpigia mama simu kwa kompyuta.

Likakataa.

"Dada, hili limeharibika. Kati ya rekodi ndogondogo zilizomo, ya mwisho ni nusu. Nilifute?" Osia akauliza.

"Thubutu!"

Sauti nyingine ya kaka sina.

Kisha nikakumbuka kwamba siku aliyopiga simu hiyo umeme ulikatika akiwa bado anaongea.

Osia akarudi kwenye programu ya zamani. Kumbe ya Ambele ikikuta rekodi nusu iliiacha, ikasoma zilizotangulia. Ya Osia ilikuwa inalikataa faili zima. (Umeme wa Tunduma kaka aliujua jamani.)

Akarekebisha. Tukasikiliza.

"Mama, niachie ugali, nakuja sasa..."

Hapo ikakatika.

Nimeweka nakala tatu na bado naogopa.

Unikumbuke kwenye sala leo, dada, nanyi wote mnaosoma.