Mwuza Mafuta ya Taa na Pipa Lake Jipya

Mwuza mafuta ya taa wa Mponde hajazi chupa mpaka aipulize kwanza faneli yake, shavu limemvimba kama mwenye jino bovu. Tangu lori la kampuni yake lipinduke likamwaga mafuta kwenye kijito cha kunywa, wanawake wameapa hawanunui kwake, hata wakae gizani. Naye kalipaka pipa rangi ya kijani, kaandika UJAMAA, mafuta ni yale yale.

“Haya ya nani?” Mwanamisi, mmoja wa wanawake hao, akamuuliza.

“Yetu sote, mama.”

“Basi na kijito chetu sote. Kunywa.”

Mwuza akaipokea kata ya maji ya kijito aliyonyoshewa, kwa vidole vyake vinavyonuka mafuta, akapuliza. Utando wa mafuta ukasogea, ukarudi. Akapuliza tena.

“Puliza, mwanangu,” alisema Mwanamisi. “Sisi tunapuliza tangu Ramadhani.”