Valens wa Muheto na Furaha ya Kanisa kwa Kanisa

Pale Muheto, mtu akitaka kujua kanisa jipya limefunguliwa wapi, alimtazama tu Valens siku ya ibada, akaona koti lake la kijivu linapanda mlima gani. Valens alikuwa mkulima wa maharagwe na mihogo kama sisi wote. Alikuwa na mke, watoto, mbuzi wachache, na afya ambayo hata malaria iliiheshimu. Lakini alikuwa na njaa moja ambayo ugali haukuituliza: alitaka furaha. Si ile ya mavuno mazuri, wala ya kukaa na marafiki na kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Hiyo aliiita ya kitoto. Alitaka ile wanayoiahidi wahubiri, inayotoka ndani na isiyoisha.

Alibatizwa Mkatoliki, akaacha kwa sababu, alisema, padri alihubiri kama mtu aliyechelewa mahali pengine. Akaenda kwa watu wa Sabato. Jumamosi akapumzika, na mkewe Claudette akalima peke yake. Jumapili nayo akapumzika, kwa mazoea. Kisha akahamia kwa wale wanaoomba kwa kupiga kelele, na alipopoteza sauti akasafiri mpaka msitu wa Walikale, kwa nabii aliyewazamisha watu mpaka shingoni katika mto wa baridi. Walipotetemeka, nabii aliwaambia kwamba furaha inaingia. Valens alirudi na kikohozi.

Kila alikokwenda alitoa ushuhuda: zamani nilikuwa gizani, leo nimepata furaha ya kweli. Alilia machozi halisi. Mara ya kwanza tulilia naye. Baadaye tulijifunza kukaa karibu na mlango.

Na kila kanisa lilikuwa na vazi lake: kanzu nyeupe hapa, mshipi mwekundu pale. Claudette ndiye aliyefua. Siku moja aliwaambia wanawake mtoni, "Furaha ya Papa Valens iko na nguo mingi kupita mimi."

Halafu akaja Mtume Magloire kutoka Goma, mwanamume mnene mwenye viatu vinavyong'aa, na spika na jenereta nyuma yake. Alifundisha kwamba furaha ni uamuzi, na kwamba huzuni na magonjwa humwingia yule aliyemwachia Shetani mlango wazi. Sisi tuliomsikiliza tulikuwa tumekimbia vita mpaka Shasha, magodoro kichwani, tukarudi na kukuta nyumba zimeng'olewa milango. Hata hivyo tulisema amina, maana spika ilikuwa kubwa.

Valens alichaguliwa kutoa ushuhuda mkuu kwenye sherehe ya kulizindua kanisa la Mtume. Alifanya mazoezi shambani, mbele ya maharagwe. Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Akavaa koti lake, akashika njia, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu akakuta kipoyi kimewekwa chini. Kipoyi ni machela yetu: kitanda cha kamba kati ya miti miwili, kinachobebwa mabegani na wanaume wanne pikipiki ikishindwa kupita. Juu yake alilala Solange, binti wa jirani, aliyeshindwa kujifungua. Mbebaji mmoja alikuwa ameteleza, na kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi.

Kiongozi wa wabebaji, Esdras, ni mtu asiyependa maneno. "Papa Valens, shika hapa," alisema.

Valens akaeleza kwamba kanisa zima linamngojea, kwamba anakwenda kushuhudia furaha, kwamba Mtume mwenyewe amelitaja jina lake kwenye spika.

"Utashuhudia kesho," Esdras akamjibu. "Huyu mama hana kesho."

Valens akabeba. Alibeba huku akilalamika kuhusu viatu, kuhusu koti, kuhusu Mungu aliyeruhusu mvua siku kama hii. Hakunyamaza mpaka walipofika katikati ya kilima cha pili, ambapo sauti ndogo ilitoka juu ya kipoyi.

"Papa, niko naumwa. Nyamaza kidogo."

Akanyamaza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu ujana wake kupanda kilima kizima bila kujizungumzia. Alituambia baadaye kwamba alijaribu kuomba, lakini zile sala ndefu alizozikusanya kutoka makanisa yote hazikuja. Ikaja moja tu: Mungu, mguu huu usiteleze. Kisha akauombea mguu wa pili. Wakafika kituo cha afya kwa namna hiyo, muuguzi akamchukua Solange, na wabebaji wakakaa nje kwenye matope mpaka waliposikia mtoto analia. Hakuna aliyempa Valens spika. Esdras alisema tu kwamba mvua inarudi, waondoke.

Juma lililofuata Esdras alimwita tena, akaenda. Akaendelea kwenda, mpaka bega lake likaota nundu. Kabla ya shamba alianza kupita kwenye kile kikanisa kidogo cha Wakatoliki alichokidharau. Alikaa kidogo kimya, kisha akaenda kukaza kamba za kipoyi.

Ushuhuda ukakoma kabisa, na kijiji kikaingiwa na wasiwasi. Wengine walisema amerudi nyuma katika imani. Wengine walisema ni ugonjwa wa ini. Claudette alikuwa amekwisha kumsikia akipiga mluzi huku akimenya mihogo, lakini alinyamaza, kwa hofu kwamba akimwambia atakwenda kuitangaza furaha hiyo na kuhitaji kanzu nyingine.

Kisha Mtume Magloire akashikwa na homa ya tumbo. Waumini wakamwombea mpaka akashindwa kusimama, na njia ilikuwa imekatwa na mvua. Akaletewa kipoyi. Aliomba afunikwe na turubai, mwili mzima, ili watu wasimtambue, akabebwa kama gunia la makaa linaloguna. Njiani alilalamika kwamba wanamtikisa. Kisha akauliza nani anabeba upande wa kichwa, akaambiwa ni Valens.

"Ndugu Valens," turubai likasema, "wakikuuliza, utawaambia nilikuwa nasafiri."

"Mutume, lala," Valens akasema. "Ukiongea unakuwa muzito."

Akamwombea kimoyomoyo kama alivyomwombea kila mgonjwa. Mtume akapona, akarudi Goma, na huko, tulisikia, akahubiri juu ya mkulima mmoja wa huku kwetu Masisi aliyepata furaha kwa huduma yake. Akatuma mtu kumwita Valens aje kushuhudia mbele ya umati. Valens alimpa mjumbe viazi vya kuchemsha, akamweleza kwamba kamba moja imekatika na lazima aisuke upya kabla ya jioni, akamsindikiza mpaka njia kuu.

Mwezi ule ule walimbeba Mama Tumukunde, mjane aliyekuwa akituuzia chumvi sokoni. Alikata roho mabegani mwao, kabla ya kufika. Wakageuza kipoyi, wakamrudisha kwake. Valens aliingia nyumbani, akakaa kando ya moto, akalia bila sauti, akakataa chakula.

Claudette alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa amezishuhudia furaha zake zote zikifa, moja baada ya nyingine, na kanzu zake alikuwa amezikata vitambaa vya kubebea watoto.

"Na hii nayo imeisha?" akamuuliza.

Valens akafikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la haki. "Hapana," akasema. "Iko. Leo niko na huzuni tu."

Asubuhi alikula ule ugali uliolala, akapita kanisani, kisha akaenda kuchimba kaburi pamoja na Esdras.