Bibi Nellie na Bingo ya Nyimbo

Bibi Nellie Entwistle, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na miaka themanini klabu yetu ilipobadilisha bingo ya Ijumaa. Zamani namba zilitokea kwenye kioo kikubwa ukutani, naye alizifuata vizuri tu. Sasa ikawa bingo ya nyimbo: kadi imeandikwa majina ya nyimbo, Barry, mwendesha mchezo, anapiga kipande cha wimbo, ukiutambua unauwekea alama, na wa kwanza kujaza kadi anaita bingo na kushinda. Na Bibi Nellie hasikii. Alifuma nguo kiwandani miaka mingi, katikati ya mashine mia tatu, na mashine zile zikaondoka na masikio yake. Kile kidude cha sikioni hukizima akiingia klabu, maana kinaugeuza ukumbi mzima kuwa mzinga wa nyuki.

Binti yake Lorraine alimshauri abaki nyumbani na televisheni yake. Bibi akasema ataenda mara hii moja. Akishindwa kuufuata mchezo, atarudisha kadi yake ya uanachama palepale kaunta, yaishe. Hawezi kukaa pale kama kabati. Na Ijumaa ndiyo siku yake pekee ya kutoka. Lorraine alinisimulia haya mlangoni akijipaka rangi ya mdomo.

Tukakaa meza ya pembeni, mimi na mtoto wangu Poppy mapajani, pai na njegere mbele yetu. Zilikuwa nyimbo za miaka ya sitini, wazee wamevaa mashati ya maua, Barry na wigi lake. Wimbo wa kwanza ukalia. Bibi Nellie akaangalia huku, akaangalia kule. Nikaweka uma chini. Kisha akainama, akaweka alama. Nikachungulia: sahihi. Wa pili, sahihi. Wa tatu pia.

Ndipo nikayafuata macho yake. Ukumbi wote ulikuwa unaimba, maana nani angejizuia kwa nyimbo za ujana wake, naye alikuwa anasoma midomo yao. Kule kiwandani hakuna aliyeisikia sauti ya mwenzake, kwa hiyo wanawake walizungumza kwa midomo mitupu kutoka upande huu hadi ule, wakimsengenya msimamizi naye amesimama katikati yao.

Ron wa meza ya pili alichoka kukodolewa macho.

"Nellie, mama, mimi nina mke."

Bibi alimsoma mpaka mwisho. "Basi mwambie akufundishe ubeti wa pili. Unauimba ovyo."

Meza yao ikaangua kicheko. Lorraine akamgeukia mama yake mdomo wazi, akatazama kadi, akatazama tena meza ya Ron. Alikuwa ameelewa. Akanishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma.

Ikabaki nafasi moja kwenye kadi ya Bibi. Sinia la nyama la mshindi liko jukwaani, soseji zimepangwa juu. Ron naye kabakiza moja, ameshasimama kabisa. Barry akapiga wimbo.

Hakuna aliyeimba. Vichwa vinayumba, vidole vinagonga meza, lakini midomo yote imefungwa. Mimi nilisikia tarumbeta tu; wimbo wenyewe sikuujua, ni wa kabla yangu. Lorraine akataka kumsaidia, Bibi akamwinulia kiganja. Na klabuni kwetu ukiita bingo ya uongo utataniwa mpaka Krismasi. Akapita na macho meza kwa meza, taratibu. Akarudi kwenye kadi.

"Huu hauna maneno," akasema, kama anayezungumza na kadi. "Na mimi ninao mmoja tu usio na maneno."

Akaweka alama, akainuka na kuita bingo kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani. Poppy akashtuka. Barry akaja, akakagua jina kwa jina na karatasi yake. La mwisho akalitazama mara mbili. Halafu akavua wigi, akaliinua juu.

Ukumbi ulilipuka. Ron ndiye aliyembebea sinia. Lorraine akainama mbele ya mama yake, machozi yakimtiririka, akamuuliza kwa midomo kama anataka kurudi nyumbani kupumzika sasa.

"Nikapumzike nini? Kaninunulie kadi ya mzunguko wa pili," akasema Bibi Nellie. "Na usogee, unaniziba nisimwone Ron."