Baba Nyuma ya Magodoro

Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, sikumbuki nani alitangulia. Leo duka langu la sofa pale Kondele linajulikana hadi Mamboleo, na wenye diploma ndio wananifanyia kazi. Kwa hivyo binti yangu alipoitwa kwa mahojiano, kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kando ya ziwa, nilijua mwalimu ni mimi. Tangu amalize chuo alikuwa akituma barua zisizojibiwa, na sasa hata mezani alikuwa haongei. Kazi ile tuliihitaji ili tumpate tena.

Jioni tukafanya mazoezi. Mama yake akawa bosi.

"Tuambie kukuhusu."

"Mimi ni mtu mwenye bidii, ninayependa kushirikiana na wenzangu."

"Mama," nikamwambia binti, maana amebeba jina la mamangu, "hata punda wa kubeba maji ana bidii, na anashirikiana na mkokoteni. Wamwajiri?"

Nikampa dawa: pakruok. Kwetu ngoma ikinoga, mtu husimamisha muziki ajisifu mbele ya wote, jasho likimtoka. Nikapanda stuli kumwonyesha.

"Mimi dume la Kondele! Mimi niliyekalisha wabunge na maaskofu!"

"Baba, shuka," mke wangu akasema. "Hiyo stuli imetoka dukani kwako, haitakubeba. Na kwani ni nani anatafuta kazi hapa?"

Binti akacheka. Nilikuwa nimesahau ile sauti.

"Lakini usijisifu hewa," nikaongeza nikishuka polepole. "Watu watakuzomea. Taja kitu ulichofanya wewe."

Kesho yake alirudi kutoka mahojiano, viatu mkononi, anatabasamu.

"Nilisimama kabisa, Baba. Nikawaambia, mimi ndiye niliyemtuliza mama aliyekuja dukani na mwiko mkononi, sofa yake imevunjika mguu na wakwe wako njiani, huku mwenye duka amejificha nyuma ya magodoro."

"Uliwaambia ni babako?"

"Waliuliza! Nikawaeleza nilimkalisha yule mama, nikamwacha aseme yote, ndipo nikaita fundi. Sofa ikafika kwake kabla ya wakwe. Mzee mmoja wa pale alicheka hadi akafuta macho. Akauliza kama bado uko huko nyuma."

Sikuwa nimejificha. Nilikuwa nakagua magodoro.

Simu ya hoteli ilikuja Ijumaa. Aliajiriwa yeye, na jioni hiyo aliongea mezani hadi ugali ukapoa.

Siku hizi vijana wa mtaa huja dukani kuniuliza siri. Nawaambia waache kukariri bidii, wasimulie jambo walilolifanya wenyewe, pamoja na mwiko wake. Na asiye na kisa, basi ajitafutie baba kama mimi.