Bibi Aliyeninusa Utosini

Wapo watakaosema niliota, na wapo watakaosema jua la Durban lilinipiga. Waseme. Siku ile nilikuwa macho, nimekunywa chai, na akili zangu zote nilikuwa nazo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, si shoga yangu wala jirani wa binamu yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mume aliyenitoa Tanga alikuwa ameshaniacha, kaenda Johannesburg na mwingine, nami sikutaka kurudi nyumbani kuchekwa. Nikapata kazi mjini, kwenye kibanda cha maua cha Anti Saro, mama wa Kihindi, Mtamil, ambaye wazee wake waliletwa zamani kukata miwa. Alinichukua kwa ajili ya vidole vyangu. Mama yangu alinitungisha vikuba vya asumini tangu sijang'oa meno ya utoto. Kwetu tunatunga vya kubandika kifuani na kuweka kitandani. Kwa Anti Saro nilitunga makoja ya kuvishwa miungu hekaluni.

Siku ya kwanza alinipa sharti moja. "Usinuse. Ua la mungu, mungu ananusa kwanza. Ukilinusa wewe, ni makombo."

Miungu ile si yangu, mimi Mwislamu, lakini kazi ni kazi. Nikajifunza kupumua kwa mdomo. Miezi minane! Hebu fikiria, mwanamke wa pwani anashika asumini kutwa na hanusi.

Basi karibu na sikukuu yao kubwa likaja agizo la koja la dhiraa tatu, la hekalu lililo kando ya mto Umgeni. Anti Saro alikuwa amepeleka maua ya harusi Sydenham, nimebaki peke yangu. Asubuhi ile nilikuwa nimepata barua: mama anaumwa miguu, anauliza nitarudi lini. Nilipofunga fundo la mwisho nikaliinua koja, nikazika pua ndani yake. Sikupitiwa, nilikusudia. Kwa pumzi ile moja nikawa kwetu, Ijumaa, mama ametoka kuoga, kitanda kimetandikwa. Nikalia.

Nilipofungua macho, bibi mmoja kasimama mbele yangu.

Ilikuwa saa sita, jua la utosi, saa ambayo kwetu watoto huitwa ndani. Bibi wa Kihindi, mdogo wa umbo, pindo la sari limelowa chepechepe, miguu mitupu imejaa mchanga wa mto. Na mvua haikunyesha wiki nzima! Nikamwamkia shikamoo kwa mazoea. Wazee wote wa pale nilikuwa nawaamkia hivyo, nao hunijibu "hallo".

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Mwili ukanisisimka hadi kwenye kucha. Kiswahili kile hakikuwa cha Wakongo wa mjini. Kilikuwa cha kwetu, na lafudhi ya mama yangu.

Akasema koja ni lake. Akanieleza alikotoka: mji ulio chini ya milima, mto unapita mlangoni mwa hekalu, ngazi za mawe zinashuka hadi ndani ya maji. Alfajiri ukungu huteremka, na wanawake huosha maua kwenye ngazi ya mwisho, nyuso wamezigeuza pembeni wasiyanuse. Aliondoka msichana, akapandishwa meli kuja kwenye miwa. Aliweka nadhiri ya koja moja siku atakayorudi, na hakurudi.

"Sasa nalipeleka kwenye mto huu huu," akasema. "Na wewe umelinusa."

Mwingine angepiga magoti. Mimi nilipandwa na hasira. "Nimelinusa, ndiyo. Hata mimi niko mbali na kwetu, bibi. Siombi radhi."

"Basi rudisha."

"Harufu inarudishwaje?"

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, ya baridi, akakiinamisha, akaninusa utosini. Pumzi moja ndefu, kama mama anavyomnusa mtoto mchanga. Sikuweza hata kufurukuta. Aliponiachia alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Nikapepesa macho, hayupo. Zimebaki nyayo mbili za mchanga sakafuni.

Mama Béa, Mkongomani wa saluni ya jirani, akachungulia. "Dada, uko unasema na nani? Nakuona unainamisha kichwa. Hapa hakuna mutu!"

Nikanusa koja. Hakuna kitu. Nikalinusa tena, ni kama kunusa karatasi. Moshi wa taksi nausikia, dawa za nywele za Mama Béa nazisikia. Asumini, hapana. Mpaka leo.

"Eish, iko pepo hiyo," akasema Mama Béa. "Tuende kwa pasteri." Watanzania wenzangu nao wakanitafutia shehe wa kunisomea. Niliwakatalia wote. Nimekosa nini mimi?

Anti Saro nilimweleza kila kitu, nikijua atanifukuza. Nilipofika kwenye habari ya ngazi za mawe akajifunika kichwa kwa sari yake. "Huo ni mji wa bibi aliyemzaa bibi yangu," akasema. "Umgeni ulimchukua, wakati wa mafuriko. Sijawahi kumsimulia mtu hapa." Koja akalipeleka mtoni mwenyewe. Kesho yake akanipa kazi zote za hekalu, eti mikononi mwangu maua yanabaki safi kabisa. Nusura nimmwagie ndoo ya maji.

Nilipokwenda Tanga, mama alinibandika kikuba kifuani kabla hata sijakaa. "Kinanukia?" Nikavuta pumzi. "Kinanukia, mama." Sikuwahi kumdanganya kabla ya siku ile, na alikufa akiamini hivyo. Hilo ndilo linaloniuma, wala si pepo.

Kwa hiyo kila mwaka sikukuu yao ikifika, nakwenda Umgeni saa sita juu ya alama, natoa mtandio, nasimama kichwa wazi. Akija nitamshika kichwa kama alivyonishika, nimnuse utosini, nichukue kilicho changu. Nawe ukiwa Durban, bibi mwenye miguu ya mchanga akakuitikia marahaba, usimwinamishie kichwa. Mwambie tu yule wa asumini hajahama, anamsubiri mtoni.